Saratani ya Titi kwa Mwanamume: Uhakiki wa Istilahi

Katika kazi ya kutafsiri maandishi ya afya, makosa yaliyo wazi si adui mkubwa, kwa kuwa msomaji mwangalifu huyaona na kuyasahihisha. Adui mkubwa ni istilahi ambayo kila neno lake ni sahihi, lakini ambayo humpeleka msomaji mahali pasipokusudiwa na mwandishi. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi za namna hiyo, nazo ni zile zinazotumika kutaja saratani ya titi na maradhi mengine ya titi yanapompata mwanamume.

Kilichotusukuma kuandika ni kijarida kimoja cha elimu ya afya tulicholetewa mwaka 2023 tukithibitishe lugha yake. Kijarida hicho kilitafsiriwa kutoka Kiingereza, na kurasa zake mbili za mwisho ziliwahusu wanaume. Mwenzetu mmoja, ambaye ni mwenyeji wa kata ya Tingi mkoani Ruvuma, alikuwa akienda likizo, akachukua nakala ili aijaribu kwa wasikilizaji wa nyumbani. Tingi imo katika wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Watu wa huko huzungumza lugha zao majumbani, zikiwamo Kimatengo na Kinyasa; Kiswahili ndicho cha shuleni, sokoni na zahanati. Maandishi ya afya huwafikia kwa Kiswahili peke yake, na istilahi ikipotoka hakuna maandishi mengine ya kuinyosha.

Mwenzetu alimsomea kijarida mzee mmoja wa ukoo wake. Alipotamka jina lililokuwa juu ya jalada, lililotaja saratani ya matiti, mzee alimkatiza kwa upole: "Mwanangu, hiyo wapelekee mama zako na dada zako." Siku ya pili alianza na zile kurasa za wanaume, ambamo mtafsiri, kwa kuona haya kusema titi, alikuwa ameandika saratani ya kifua. Safari hii mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu: "Kifua nilipimwa makohozi mwaka juzi, wakaniambia sina kitu."

Majibu hayo mawili yanatosha kuonyesha kasoro. Istilahi ya kwanza ilimtoa mzee nje ya habari. Ya pili ilimwingiza katika habari nyingine. Kazi yetu ni kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na kupendekeza njia.

Dhana Yenyewe

Kabla ya kuhukumu maneno hapana budi kuijua dhana. Kila binadamu, mume kwa mke, huzaliwa na tishu ya titi nyuma ya chuchu. Utotoni tishu hiyo haitofautiani sana baina ya mvulana na msichana. Wakati wa balehe homoni hulikuza titi la msichana, likapata mirija mingi na vifuko vya kutengenezea maziwa. La mvulana hubaki dogo, lenye mirija michache. Lakini kuwa dogo si kutokuwapo. Palipo na mirija ya titi saratani huweza kuanza, na saratani nyingi za titi zinazowapata wanaume huanzia katika mirija hiyo.

Ugonjwa huu ni nadra. Katika nchi nyingi, kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya titi, mmoja hivi ni mwanamume, na taarifa kadhaa za hospitali za Afrika zimeonyesha uwiano mkubwa zaidi ya huo. Huonekana zaidi kwa wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Dalili yake ya kawaida ni uvimbe mgumu, aghalabu usiouma, nyuma ya chuchu au kando yake. Dalili nyingine ni chuchu kuvutwa ndani, majimaji au damu kutoka katika chuchu, kidonda kisichopona, na tezi za kwapani kuvimba. Kwa sababu titi la mwanamume ni dogo, uvimbe hauna safari ndefu kabla ya kuifikia ngozi na misuli iliyo chini yake. Hivyo mwanamume anayechelewa hupoteza nafasi ya kutibiwa mapema, na kwa kawaida wanaume huchelewa.

Wataalamu wa Tanzania wanaufahamu ugonjwa huu. Mwaka 1996 jarida la East African Medical Journal lilichapisha makala ya watafiti wa Tanzania kuhusu saratani ya titi la mwanamume. Wala ugonjwa wenyewe si mpya duniani. Katika hati ya mafunjo ya Misri ya kale inayojulikana kwa jina la Edwin Smith, iliyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, umeelezwa uvimbe wa titi usio na tiba, na mgonjwa wake ametajwa kwa neno la mwanamume. Ujuzi basi upo. Lililokosekana ni Kiswahili cha kuutoa ujuzi huo katika majarida ya wataalamu na kuufikisha kwa mzee wa Tingi.

Kasoro ya "Matiti"

Neno saratani halina lawama. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambamo maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani. Na kansa, tuliyoipata kwa njia ya Kiingereza, asili yake ni neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya kaa. Kwa hiyo anayegombania kansa dhidi ya saratani anagombania kaa wawili. Hakuna katika maneno hayo kinachotaja jinsi ya mgonjwa. Jinsi huingia katika neno la pili la istilahi.

Tulinganishe na majina ya saratani nyingine. Tunasema saratani ya ini na saratani ya tumbo, nasi tunamaanisha ini la mtu yeyote na tumbo la mtu yeyote. Tunasema saratani ya tezi dume, na hapo neno dume lina haki yake, kwa kuwa tezi hiyo ni ya mwanamume peke yake. Tunasema saratani ya shingo ya kizazi, na hapo pia jinsi ya mgonjwa imo katika kiungo chenyewe. Titi ni kama ini, maana ni kiungo cha wote. Lakini katika matumizi yetu tumelitendea kama shingo ya kizazi.

Tumefanya hivyo kwa njia tatu. Kwanza, kwa fasili. Fasili iliyozoeleka ya titi huanza na mwanamke na kuishia na maziwa ya mtoto, na anayejifunza maana ya neno kwa fasili hiyo ana haki ya kuamini kwamba mwanamume hana kiungo hicho. Pili, kwa wingi. Saratani aghalabu huanza katika titi moja, mahali pamoja. Istilahi ikisema matiti, huleta akilini umbo la mwanamke mzima badala ya mahali penye ugonjwa. Tatu, kwa mpangilio. Orodha za istilahi, mitaala na mabango huliweka titi chini ya kichwa cha afya ya mama na mtoto au magonjwa ya wanawake, na picha zote zikafuata kichwa hicho. Mtumishi anayepanga vijarida katika kabati la zahanati hafanyi kosa anapokiweka chetu katika chumba cha kliniki ya wajawazito. Jina lake limemwelekeza hivyo.

Ni vyema tuone wengine walivyopanga. Katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, lililoidhinishwa na Mkutano wa Afya wa Dunia mwaka 1990, saratani ya titi ina alama C50 kwa mwanamke na kwa mwanamume pia. Maradhi mengine ya titi yana fungu lao wenyewe, N60 mpaka N64, ambalo limewekwa baada ya fungu la viungo vya uzazi vya mwanamume na kabla ya yale ya mwanamke. Waandishi wa uainishaji huo waliona kwamba titi halimo katika fungu lolote kati ya hayo. Sisi nasi tungeweza kuliona hivyo bila ya kungoja mafunzo ya mtu, kwa kuwa chuchu kila mtu anazo.

Kasoro ya "Kifua"

Mtafsiri wa kijarida aliiona kasoro ya kwanza, akaikimbia. Bahati mbaya alikimbilia penye kasoro kubwa zaidi. Hoja yake, tulipomwuliza, ilikuwa ya heshima: mwanamume mtu mzima haambiwi ana titi. Tunaielewa hoja hiyo, wala hatuidharau. Katika mazungumzo ya watu, kumtajia mwanamume matiti ni kumtania, na utani ukizidi huwa tusi. Hata hivyo heshima isiyomfikishia mgonjwa habari yake haimfai.

Katika Kiswahili kifua kina kazi nyingi tayari. Ni sehemu ya mwili baina ya shingo na tumbo. Ni kikohozi, kama mtu anaposema ana kifua. Na ni nusu ya jina la ugonjwa unaojulikana kila kijiji, yaani kifua kikuu. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kwa zaidi ya miaka 40 wananchi wamefundishwa kwamba mwenye shida ya kifua apeleke makohozi. Wamefundishwa wakafundishika. Anayesema saratani ya kifua anatupa neno jipya katika njia hiyo iliyokwisha kukanyagwa, kisha anastaajabu kuona watu wameifuata njia. Mzee wa Tingi hakukosea. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa, na majibu ya makohozi yakamtuliza juu ya ugonjwa ambao makohozi hayawezi kuuonyesha.

Wengine wamependekeza ziwa, neno la Kiswahili cha pwani lenye maana ya titi, kwa kuwa ni la asili na lina adabu. Uzuri wake tunaukubali, lakini kwa istilahi ya taifa halifai. Wingi wake, maziwa, tayari ni kinywaji. Na kwa watu wanaoishi jirani na Ziwa Nyasa, ziwa ni lile lenye samaki na mitumbwi. Istilahi inayohitaji maelezo ya namna hiyo kila mara itamkwapo haitadumu.

Kasoro ya "Matiti ya Kike"

Katika kijarida hicho kulikuwa na istilahi ya tatu, nayo ni matiti ya kike, iliyotumika kwa hali ya tishu ya titi la mwanamume kukua kuliko kawaida. Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka jina la kitabibu lenye asili ya Kigiriki, linalounganisha mwanamke na titi. Kosa limo katika jina la asili, na tafsiri imelihamisha pamoja na kosa lake.

Hali hii hutokea mara nyingi zaidi ya saratani, nayo si saratani. Huwapata wavulana wengi wakati wa balehe, na aghalabu hutoweka yenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Huwapata wazee homoni zao zinapobadilika, na wenye maradhi ya ini ya muda mrefu. Huweza pia kusababishwa na dawa. Mojawapo ni efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi katika matibabu ya virusi vya UKIMWI nchini, kabla ya dolutegraviri kuanza kuchukua nafasi yake mwaka 2019. Kwa kawaida tishu iliyokua huwa imezunguka chuchu sawasawa, mara nyingi pande zote mbili, na huweza kuuma ikiguswa. Uvimbe wa saratani mara nyingi huwa upande mmoja, mgumu, wala hauumi. Tofauti hizi humsaidia mtu kujieleza, lakini hukumu ni ya mganga baada ya vipimo.

Mwalimu wa shule ya msingi au ya sekondari ataona mara moja madhara ya jina hili. Mvulana wa miaka 14 aliyesoma katika kitabu kwamba ana matiti ya kike hatauliza swali darasani, wala hatavua shati mchezoni. Na mgonjwa aliyeambiwa hivyo kwa sababu ya dawa yake huweza kuona heri aiache dawa. Istilahi ya afya haitakiwi kumhukumu mgonjwa kabla ya kumweleza.

Kiswahili kina njia nzuri zaidi. Moyo ukiwa mkubwa kuliko kawaida tunasema umetanuka, wala hatusemi ni moyo wa mnyama mwingine. Kwa mfano huo tunapendekeza kutanuka kwa titi. Istilahi hii inataja kiungo na kilichokipata, kisha inanyamaza.

Hoja za Wapinzani

Tunatarajia hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba si haki kubadili istilahi iliyoenea kwa ajili ya mgonjwa mmoja katika 100. Tunajibu kwamba kutoka matiti hadi titi si badiliko linalomdhuru mmoja kati ya wale 99. Mwanamke hapotezi chochote istilahi ikitaja kiungo kwa umoja. Pengine anapata, kwa kuwa anaelekezwa mahali penye ugonjwa. Tena habari ya mwanamume mmoja si yake peke yake. Hitilafu ya jeni iitwayo BRCA2, iliyotambuliwa mwaka 1995, huongeza hatari ya saratani ya titi kwa wanaume na kwa wanawake, na huweza kurithiwa kwa baba kama inavyorithiwa kwa mama. Baba asiyejua jina la ugonjwa wake hana la kuwaonya binti zake.

Hoja ya pili ni ile ya haya, kwamba hata tuseme titi kwa umoja, mwanamume hatalikubali. Hapa tunakumbuka mfano wa Edward Brooke wa Marekani, aliyekuwa seneta, ambaye mwaka 2002 aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu na mwaka uliofuata akautangaza hadharani ili wanaume wengine wajichunguze. Kama mtu wa cheo chake alilihitaji neno la wazi, mkulima wa kahawa wa Mbinga na mvuvi wa Mbamba Bay wanalihitaji zaidi. Tena tujiulize haya hii imetoka wapi. Neno titi halina aibu linapotajwa kwa mama. Likionekana tusi kwa mwanamume, basi tumekubali kimyakimya kwamba kufananishwa na mwanamke ni kushushwa. Baraza la lugha haliwezi kuijenga istilahi juu ya msingi huo.

Mapendekezo

Kwanza, itumike saratani ya titi, kwa umoja, katika maandishi yote. Panapohitajika kubainisha, isemwe saratani ya titi kwa mwanamume. Tunapendelea kwa, maana ugonjwa ni ule ule, umekuja kwa mtu mwingine.

Pili, kifua kiachiwe kazi zake. Katika maelezo mtu aweza kusema kifuani ili kuonyesha mahali, lakini kifua kisiwe jina la saratani hii.

Tatu, kutanuka kwa titi kuchukue nafasi ya matiti ya kike.

Nne, fasili ya titi iandikwe upya kwa maana ya namna hii: kiungo kilicho nyuma ya chuchu, kwa mwanamke na kwa mwanamume, ambacho kwa mwanamke hukua na kutoa maziwa. Na katika orodha za istilahi, maradhi ya titi yapewe kichwa chake.

Tano, na hili ni kwa watafsiri hasa, maelezo yanayomhusu mwanamume yaanze na chuchu. Hili hatukulibuni ofisini. Siku ya tatu mwenzetu alikiweka kijarida kando, akamwuliza yule mzee: "Baba, nyuma ya chuchu yako umewahi kugusa kitu kigumu?" Mzee hakucheka wala hakukasirika. Aliingiza mkono ndani ya shati, akatulia kidogo, akasema hakuna. Kisha akamtaja mtu wa makamo wa kijiji cha jirani, ambaye chuchu yake moja imezama ndani na ambaye huvaa koti hata wakati wa jua. Mtu huyo alipelekwa hospitali juma lililofuata. Habari zake zilizobaki ni zake mwenyewe.

Tunajua kwamba istilahi haitibu. Kutoka Tingi mpaka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na neno halilipi nauli. Lakini safari hiyo huanzia nyumbani, siku mgonjwa anapopata la kumwambia mkewe na la kumwambia mganga wa zahanati. Kijarida tulichokitaja tumekirudisha kwa wenyewe pamoja na masahihisho haya. Tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wenzetu wayajaribu mapendekezo yetu mbele ya wasikilizaji wao, kisha watuandikie waliyojibiwa.